Faili la hesabu likifutwa, acha kompyuta kwanza

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi vya msingi vya ushirika, wauza pembejeo na wanunuzi wa mazao limehamia kwenye kompyuta, hasa katika majedwali ya programu ya Excel. Humo yamo majina ya wakulima, kilo walizoleta, mikopo ya mbolea na fedha anazodai kila mmoja. Karani akikosea kitufe kimoja wakati wa malipo, yote hayo hutoweka machoni.

Habari njema ni kwamba faili lililofutwa mara nyingi huwa bado lipo. Katika diski za kawaida, kompyuta haifuti maandishi yenyewe. Huondoa jina la faili kwenye orodha yake na kuihesabu nafasi hiyo kuwa wazi. Ni sawa na kung'oa kibao chenye jina la mwenye shamba: mahindi bado yamesimama, lakini atakayefuata akikuta eneo halina jina, atalilima.

Kwa hiyo kinachomaliza faili ni kazi inayofanyika baada ya kulifuta. Ukihifadhi barua, ukinakili muziki au ukiingiza programu mpya, unaweza kuandika juu ya hesabu zako. Hatua ya kwanza ni kuacha kuhifadhi kitu chochote kwenye diski hiyo.

Pa kuanzia

Fungua pipa la taka lililoandikwa Recycle Bin. Ukiliona faili lako, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua Restore. Litarudi pale lilipokuwa. Lakini faili lililofutwa kwenye flashi, au kwa kubonyeza Shift na Delete kwa pamoja, kwa kawaida halipiti kwenye pipa hilo.

Kama ulifunga Excel bila kuhifadhi kazi mpya, nenda File, kisha Info, kisha Manage Workbook, na uchague Recover Unsaved Workbooks. Waliohifadhi kazi Google Drive au OneDrive kwa akaunti binafsi waangalie pipa la huko, ambako faili hukaa siku 30.

Kabla ya kumwita fundi, jiulize pia ni nani uliwahi kumtumia faili hilo. Nakala ya wiki iliyopita iliyoko kwenye barua pepe ya mhasibu au simu ya mwenyekiti inakuachia kazi ya kuingiza stakabadhi za wiki moja tu.

Hayo yote yakishindikana, zipo programu za kutafuta mafaili yaliyofutwa, kama Recuva na PhotoRec. Mwaka 2020 Microsoft ilitoa Windows File Recovery, ambayo ni ya bure, ingawa huendeshwa kwa amri za kuandika. Usiingize programu hizo kwenye diski iliyopoteza faili, na kinachopatikana kihifadhiwe kwenye diski nyingine.

Hata hivyo, kompyuta nyingi za sasa zina diski za SSD. Hizo hupewa taarifa kwamba nafasi imeachwa wazi, nazo huisafisha zenyewe, pengine muda mfupi tu baada ya kufuta. Hapo matumaini ni madogo, na fundi anayeahidi kufaulu kwa hakika asiaminiwe.

Gharama yake

Tuseme chama kina wakulima 400, na karani anaweza kuingiza upya stakabadhi za wakulima 40 kwa siku. Hizo ni siku 10. Akilipwa Sh 20,000 kwa siku, kazi itagharimu Sh 200,000, mbali na hasara ya wakulima wanaosubiri fedha zao wakati ada za shule na vibarua wa shamba havisubiri. Fundi anayedai pungufu ya hapo anafaa kufikiriwa, kwa makubaliano kwamba atalipwa baada ya faili kufunguka na hesabu zake kulinganishwa na stakabadhi chache.

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama stakabadhi za karatasi zipo. Zikiwa zimetupwa, deni la mkulima litabaki neno lake dhidi ya neno la karani.

Njia ya kuepuka yote haya ni rahisi. Kila jioni ya siku ya mapokezi, nakili faili kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini na nyingine kwa mweka hazina. Andika tarehe kwenye jina la faili ili nakala mpya isifute ya zamani. Kila mwisho wa wiki chapisha jedwali kwenye karatasi na kulisaini. Mara moja kwa mwezi, fungua mojawapo ya nakala hizo kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe kwamba inafunguka.