Vitafunwa vya Kiitaliano bila jiko: usichanganye mapema!

Wapambanaji wenzangu mnaouza vitafunwa kwa oda za mtandaoni, hii inawahusu.

Waitaliano kiangazi kikipamba moto hawana hamu ya kuwasha jiko. Nyanya zimeiva, wanakata na kula. Maarufu ni caprese, jina limetoka kisiwa cha Capri: nyanya, jibini laini ya mozzarella na majani ya mrihani. Nyekundu, nyeupe, kijani, rangi za bendera yao. Mimi natumia nyanya ndogondogo, natunga kwenye vijiti kama mshikaki.

Sasa sikia. Hapa hakuna moto wa kuua vijidudu, wala mchuzi wa kuficha nyanya mbovu. Na chumvi inavuta maji. Ukitia mapema, boda akifika mteja anapokea supu.

Ninavyofanya:

1. Nyanya nachagua zilizoiva vizuri. Siziweki friji, baridi inaua ladha.
2. Nyanya na mrihani naosha kwa maji ya kunywa, nakausha kabisa.
3. Jibini inakaa friji mpaka dakika ya mwisho. Naichuja maji ndio natunga.
4. Chumvi na mafuta ya zeituni nafunga pembeni, mteja anatia mwenyewe.
5. Nasafirisha kwenye boksi lenye barafu. Juu naandika: ukitoa kwenye baridi, kula ndani ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, saa 1 tu.

Jibini ni ghali, kwa hiyo chukua malipo kwanza ndio ununue. Na kumbuka, mteja mmoja akiumwa tumbo, picha nzuri hazitakuokoa.

Wewe unafungashaje vya kwako? Tuambie hapa chini.