Upasuaji wa Kurekebisha Jinsia Mtandaoni: Ubora wa Taarifa na Namna Unavyopimwa

Taarifa ya tiba inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno na bado ikampotosha anayeisoma, kwa kuwa kasoro yake mara nyingi haimo katika yaliyosemwa bali katika yaliyonyamaziwa. Hali hiyo hujitokeza waziwazi katika mitandao ya kijamii panapozungumzwa upasuaji wa kurekebisha jinsia, yaani ule unaobadili viungo vya mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo hailingani na ile aliyoandikishwa alipozaliwa.

Kipimo ambacho watafiti wamekizoea huitwa DISCERN, nacho kilichapishwa nchini Uingereza mwaka 1999, miaka sita kabla ya YouTube kuanzishwa. Ni dodoso la maswali 16, kila moja likipewa alama kuanzia 1 hadi 5, ambalo huuliza kama vyanzo vya taarifa vimetajwa pamoja na tarehe zake, kama faida na hatari za kila tiba zimeelezwa, kama njia mbadala zipo, na pia, jambo ambalo mtengeneza video hulisahau kwa urahisi, ni nini kitakachompata mgonjwa asipotibiwa kabisa. Kipimo kingine, PEMAT, kilichotolewa na wakala wa serikali ya Marekani mwaka 2013, huangalia kama maelezo yanaeleweka na kama yanamwonyesha mtu hatua za kuchukua. Alama za vipimo hivi hazilazimiki kupanda pamoja: video fupi yenye picha safi na sauti tulivu yaweza kueleweka na kila mtu huku ikiwa haina chanzo hata kimoja, na wingi wa watazamaji si ushahidi wa lolote.

Mfano wa yanayonyamaziwa ni uundaji wa uume, ambao mara nyingi hutumia ngozi ya kigasha pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Picha za kabla na baada huonyesha umbo. Haziwezi kuonyesha kwamba kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kwa awamu, wala kwamba mrija mpya wa mkojo huweza kuziba au kupata fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo mahali pasipostahili, matatizo ambayo si nadra. Vivyo hivyo, anayeundiwa uke hulazimika kuutanua kwa vifaa maalumu kwa muda mrefu ili usisinyae. Daktari anayejitangaza ana sababu ya kuonyesha kazi zake zilizofana, na mgonjwa anayesimulia huwa na mwili mmoja tu wa kutolea ushahidi.

Hata hivyo DISCERN nayo ina upofu wake, unaoonekana vizuri zaidi ukiwa mbali na vyuo vikuu. Huko Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, Kiha ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ni cha shule na ofisi, na katika kambi za wakimbizi za Nduta wilayani Kibondo na Nyarugusu wilayani Kasulu kumesikika Kirundi na lugha za Kongo, ilhali sehemu kubwa ya maelezo ya upasuaji huu iko kwa Kiingereza na huzungumzia hospitali za Marekani, Ulaya au Thailand. Hakuna swali kati ya yale 16 linalouliza kama msomaji anaijua lugha yenyewe, au kama hospitali inayotajwa inafikika.

Kwa fistula ya uzazi, yaani ile inayotokana na kujifungua, hali imekuwa tofauti, kwa sababu hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli ya wagonjwa kwa M-Pesa kupitia mabalozi wa vijijini, ikitibu bila malipo, hivyo taarifa iliandamana na safari na kitanda. Kwa upasuaji wa jinsia mnyororo huo haupo, na aliyefanyiwa ng'ambo akirudi na mrija ulioziba atapokewa na daktari wa hospitali ya wilaya, ambaye naye anahitaji maelezo sahihi kuhusu viungo vilivyoundwa upya kabla hajaingiza mpira wa mkojo.