Simu mikononi mwa mtoto



Mama mmoja wa Uvira alituletea binti yake wa miaka 13. Mtoto hali, halali usiku, anashika tumbo. Tukapima damu, malaria hakuna. Mama alipotoka nje, mtoto akaanza kulia. Mtu aliyejiita mwanafunzi wa Bujumbura alimwandikia kwa WhatsApp majuma matatu, akamsifu, akamwomba picha, akaipata. Sasa anadai pesa, ama picha itafika kwa walimu wake. Simu ni ya nyumbani. Baba yuko mgodini, mbali. Mtoto alinyamaza kwa sababu moja tu: aliogopa fimbo. (Mambo madogo nimeyabadili, asijulikane.)

Sisi wa mgodi tunalijua jambo hili. Mtu akikoswa na jiwe, akaficha kwa kuogopa adhabu, kesho jiwe linamwua mwenzake. Basi mwambie mtoto leo, kabla ya taabu: «Mtu akikutisha kwa simu, njoo kwangu, sitakupiga.» Na akija, kweli usimpige.

Mweleze pia kwamba picha ikiisha kutumwa hairudi. Ukiifuta kwako, mwingine amekwisha kuiweka kwake. Na uso unaouona kwenye simu si lazima uwe wa yule anayeandika. Facebook yenyewe haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13, lakini nani nyumbani huuliza umri? Namba ya siri ya pesa za simu usimpe.

Kama jambo limekwisha kutokea, usilipe. Anayelipwa leo atarudi kesho. Usifute maneno yake: piga picha ya kioo cha simu, andika namba na tarehe, ndipo umfungie. Peleka kwa polisi, ukiulizia wale wanaolinda watoto na wanawake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18.

Lakini mwanao naye aweza kuwa mkosaji. Akipokea picha ya aibu ya mwenzake wa masomo akaisambaza, amefanya kazi ya yule mwovu.

Baba uliye kambini, ukipiga simu jioni usiulize pointi za masomo tu. Uliza nani amemwandikia.

Yule binti alirudi juma lililofuata. Baba yake aliomba ruhusa akaja, hakumpiga. Mama anasema anakula ugali na ndagala kama zamani, ila simu bado hataki kuishika.