Aprili 7 kwenye Kingo Mbili za Ruvuma

Aprili 7 ni sikukuu ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, ila kila ng'ambo ina sababu yake. Upande wa Mtwara, kuanzia mjini hadi Kilambo ukingoni mwa mto, ofisi za serikali hufungwa kwa kumbukumbu ya Sheikh Abeid Amani Karume. Upande wa Palma na Mocímboa da Praia ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na kina mama hutoka wakiwa wamevaa kapulana za sare. Mmakonde mwenye ndugu huku na huko hupumzika siku moja kwa ajili ya marehemu wawili.

Wa kwanza kufariki ni Josina Machel, ambaye hukumbukwa katika Siku hiyo ya Mwanamke wa Msumbiji. Alizaliwa mwaka 1945 Vilanculos, mkoani Inhambane, kwa jina la Josina Abiatar Muthemba. Mwaka 1964 alitoroka pamoja na vijana wenzake ili kujiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakakamatwa Victoria Falls na kurudishwa mikononi mwa wakoloni wa Kireno, naye akafungwa. Alipotoka alijaribu tena, akapitia Swaziland, na safari hii akafika Dar es Salaam. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake 25 waliopelekwa Nachingwea kufundishwa kazi ya kijeshi, katika kambi iliyokuwa kwenye ardhi ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Hicho ndicho kilikuwa chanzo cha Kikosi cha Wanawake, kilichobeba silaha, kilichotoa ulinzi na kuwalea watoto yatima wa vita. Mwezi Mei 1969 aliolewa na Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, huko Tunduru, na mwezi Novemba akajifungua mtoto wa kiume. Maradhi yalimzidi, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Alizikwa Kinondoni, na baada ya uhuru mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Kwa hiyo shujaa huyu wa Msumbiji alipata mafunzo yake, ndoa yake na kaburi lake la kwanza katika ardhi ya Tanzania, jambo ambalo watu wa Kusini wangestahili kulisikia zaidi shuleni.

Mwaka mmoja kamili baadaye, jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, Karume alikuwa akicheza bao katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, Zanzibar. Watu wenye silaha waliingia wakamuua kwa risasi. Alikuwa ameiongoza Zanzibar tangu Mapinduzi ya Januari 1964, na ni yeye na Mwalimu Nyerere waliotia saini Muungano mwezi Aprili mwaka huohuo. Aboud Jumbe alishika nafasi yake. Watu wengi walishtakiwa, akiwemo mwanasiasa Abdulrahman Babu, ambaye alikuwa kizuizini Bara. Nyerere hakukubali kumpeleka Zanzibar, na Babu aliachiwa mwaka 1978.

Vifo hivi viwili havina uhusiano wowote, isipokuwa tarehe. Si kila tarehe inayojirudia iko hivyo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, lakini hapo viongozi walichagua siku kwa makusudi. Aprili 7 haikuchaguliwa na mtu.

Ulimwenguni, tarehe hiyo ni Siku ya Afya Duniani, kwa kuwa katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Katika Maziwa Makuu ina uzito mwingine kabisa. Usiku wa kuamkia Aprili 7, 1994, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali, ikitoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam. Kulipokucha, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda nao wakauawa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mahakama ya kimataifa iliyowahukumu waliohusika iliwekwa Arusha, ikafanya kazi hadi mwaka 2015.