Bleza Nevi Husimama na Vifungo

Bleza nevi ndio koti moja chali wa Nai anaweza kuwa nayo na ikamtosha. Inaingia intavyu, inaingia harusi, inaingia ruracio huko ocha, na Ijumaa usiku bado inatoka na jinzi na ndula safi. Kitambaa ni ileile siku zote. Kenye huamua ka itakubali hizo kazi zote ni vifungo, na hapo ndio wasee wengi hupita mbio. Unarauka Gikomba belo ikifunguliwa, unabahatika na kamera, unalipa, unavaa venye ilikuja. Na hizo vifungo zilichaguliwa na mtu mwingine, za maisha yake.

Kwanza cheki ka ziko na nembo. Bleza kibao za mitumba huja na vifungo vya dhahabu vyenye zimechongwa taji, simba, nanga ama herufi za shule. Huko Uingereza hiyo mchoro huwa na wenyewe: kikosi cha jeshi, chuo, klabu. Msee hawezi jivalia ya kikundi chenye hajawahi kuwa ndani. Hii nguo ilizaliwa kwa mambo ya uanachama. Wapiga makasia wa Lady Margaret Boat Club, ya St John's College pale Cambridge, klabu iliyoanza 1825, walijulikana na jaketi zao nyekundu za kuwaka. Ile nevi yenye shaba nayo ikatoka baharini, kwa makoti ya maofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Sasa wewe wa Kayole ama Umoja ukitembea na nembo ya kikosi cha wenyewe, umebeba kitambulisho si yako. Itoe. Nanga peke yake haina noma, hiyo ni ya kila mtu.

Kuna sababu ingine ya hapa kwetu. Wengi wetu tulivaa bleza ya kwanza tukiwa sekondari. Ukipiga nembo kubwa ya dhahabu yenye inameremeta, na longi ya kijivu, na tai, mathe yako atakuona prefekti. Form ni kukaa mtu mzima.

So dhahabu ni mbaya? Zii, hata kidogo. Shaba kwa nevi, kwa ngozi yetu nyeusi, inakaa vinoma. Mi nadai tu iwe imetulia: bapa, bila mchoro, isiyong'arishwa, ile imeanza kushika rangi ya udongo kidogo. Shaba halisi huzeeka ikipendeza. Fake humenyeka. Njia ya kujua ni rahisi: beba kasumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Shaba haishikwi na sumaku. Ikirukia hapo na kushika, hiyo ni chuma imepakwa dhahabu, na jasho ya mathree itaimaliza. Ikikataa kushika lakini ni nyepesi mkononi ka haiko, hiyo ni plastiki imepewa makoti ya rangi. Shaba ina uzito, unaisikia kwa kiganja.

Na hii naisema kwa moyo wote: Kibera kuna mafundi wanayeyusha kufuli nzee na mifereji zilizoharibika wanatoa shaba ya bangili na hereni, na wengine wanachonga pembe na mifupa ya ng'ombe. Mikono yao inajua hii kazi. Ukiwapelekea kifungo kimoja ka sampuli, uliza ka wanaweza kukupigia seti. Hapo unakuwa na bleza yenye hakuna msee mwingine tao nzima ako nayo, na doo imebaki mtaani.

Silva nayo ni baridi. Inakubali longi ya kijivu na ndula nyeusi, na saa ya silva. Ukiwa mtu wa viatu vya kahawia na mshipi wa kahawia, achana nayo, rudi kwa shaba.

Sasa zile nazipenda kuliko zote kwa msee ako na koti moja: pembe ya kahawia iliyokoza. Hazipigi kelele. Unavaa kwa panel ya intavyu hakuna mtu anakuuliza ka wewe ni wa klabu gani, na usiku bado unakaa smati. Pembe halisi haifanani; weka kumi kwa meza, kila moja itakuwa na mawingu na mistari yake. Ka zote kumi ziko na mstari mmoja pahali pamoja, hiyo imetoka kwa mashini ya plastiki. Kuna pia korozo, njugu ngumu ya mti fulani wa jamii ya minazi huko Amerika Kusini, sanasana Ekwado. Inashika rangi poa na huwa ngumu mbaya, na ka hutaki kitu ya mnyama hiyo ndio yako.

Ganda la chaza ni la wasee wa Pwani ama wa harusi za mchana. Ile nyeusi-nyeusi ya moshi juu ya nevi, na shati nyeupe bila tai, ukiwa Nyali ama Lamu, hiyo ni luku imekamilika. Iguze kwa shavu: chaza halisi ni baridi. Lakini huvunjika, so mwambie dobi asipitishe pasi juu yake.

Kuna mtego hapa na wengi hunaswa. Msee anapata koti ya suti ya nevi, longi yake ilipotea, anabandika shaba akidhani ameshapata bleza. Kitambaa ya suti huwa laini, inang'aa, na shaba juu yake inakaa ka imekopwa. Bleza inataka kitambaa chenye ukipitisha kidole unasikia ufumaji. Ka koti ni laini, wekea pembe ya nevi ama kahawia na uishi nayo hivyo.

Kwa fundi pia usilale. Vifungo vya mbele huwa milimita 20, vya mkono 15. Kwa pakiti zingine utaona 32L na 24L, ni saizi hizohizo. Beba koti yenyewe dukani, pale Biashara Street ama River Road, upitishe kifungo kwa tundu kabla ulipe. Shaba mingi huwa na kishikio nyuma, na tundu ya kubana itaivuta hadi koti ikunjike. Vifungo vya matundu manne fundi aviachie shingo ya uzi, visilale kwa kitambaa, ju upande wa juu wa koti unahitaji nafasi ya kukaa chini yake. Akitoa zile za zamani, aweke kakaratasi ngumu chini ya kifungo ndio makasi isikate kitambaa. Na mbele na mikono zote zibadilishwe. Shaba mbele, plastiki nyeusi mikononi, hiyo kila mtu anaona.

Verdict yangu: ka ni bleza yako ya kwanza, chukua pembe ya kahawia. Ya pili ndio uwekee shaba bapa. Kwa koti ya vifungo viwili mbele na vinne kila mkono unahitaji kumi, nunua kumi na mbili, moja ya ziada kwa kila saizi, ju ukirudi mwezi ujao hautapata zenye zinafanana.