Ugatuzi wa Afya, Sehemu ya Tatu: Jengo Limefika, Daktari Je?

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza jinsi Katiba ya 2010 ilivyogawa kazi za afya kati ya serikali kuu na kaunti 47, na jinsi fedha zinavyoshuka kutoka Hazina ya Taifa hadi zahanati. Leo tumfikie daktari mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ugatuzi wa afya nchini Kenya ulipoteleza, na aliyeumia zaidi ni mgonjwa wa mashinani.

Kabla ya 2013, daktari wa serikali aliajiriwa na serikali kuu, na barua ya kumpangia kituo ilitoka Afya House, makao ya Wizara ya Afya, Nairobi. Ikimwambia aende Lodwar, Kwale au Wajir, alifunga mizigo akaenda, hata kama moyo ulisita. Alitarajia kuhamishwa baada ya muda, au kupewa ruhusa ya kusomea upasuaji au magonjwa ya watoto huku mshahara ukiendelea. Mpango huo haukuwa wa haki. Kaskazini ilipuuzwa kwa miongo mingi, na wakubwa wa Nairobi hawakujua hospitali ya Mandera inakosa nini. Lakini mwajiri alikuwa mmoja, na aliweza kumtoa daktari pale walipojaa akampeleka pasipo na mtu.

Jedwali la Nne la Katiba liliziachia kaunti hospitali zote isipokuwa za rufaa za kitaifa, na Jedwali la Sita likaruhusu makabidhiano yafanywe hatua kwa hatua, kwa muda wa hadi miaka 3. Subira hiyo haikuwepo. Kaunti zilizaliwa kwa uchaguzi wa Machi 2013, na kufikia Agosti mwaka huo huo huduma za afya zilikuwa mikononi mwao, magavana wengine hata ofisi hawajazikalia sawasawa. Tena mwezi Juni serikali kuu ilikuwa imetia saini mkataba wa malipo na chama cha madaktari. Wiki chache baadaye, madaktari wale wale wakawa watumishi wa magavana ambao hawakuwa sehemu ya mkataba huo. Walipodai utekelezwe, kila upande ukamsukumia mwenzake mzigo. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na viongozi wa chama wakatupwa jela kwa siku chache. Wenye pesa walikimbilia hospitali za binafsi. Katika vijiji vingi hakuna hospitali ya binafsi ya kukimbilia.

Leo kila kaunti ina bodi yake ya kuajiri. Daktari anayetaka kuhama lazima akubaliwe na kaunti anayotoka, na ile anayokwenda iwe na nafasi na fedha za kumlipa. Kwa hiyo kijana aliyemaliza mafunzo huogopa kuomba kazi mbali, kwa kuwa akiingia huenda asitoke. Kaunti maskini nayo husita kumlipia masomo ya ubingwa, ikihofia kwamba akihitimu atachukuliwa na jirani mwenye mfuko mnene. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti, lakini madaktari wengi bado wanalalamika kwamba jina la mtu husomwa kabla ya cheti chake.

Tutazame Lamu. Mama wa kisiwa cha Pate akikwama uzazi, muuguzi wa zahanati ndiye anayemwona kwanza, na mara nyingi anajua vyema kinachohitajika: upasuaji, tena upesi. Faza, kisiwani humo humo, kuna hospitali. Siku ambayo kuna daktari wa kupasua na mtaalamu wa nusukaputi, safari ya mama yule inaishia hapo. Wasipokuwepo, atapakiwa kwenye boti kuelekea hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na miezi ya upepo wa kusi si miezi ya kuchezea bahari. Kwa miaka mingi boti zilizopita mfereji wa Mkanda, ulio njiani humo, zilingoja maji yajae. Uchungu wa uzazi haungoji maji.

Hospitali zenyewe zimeongezeka, na sifa hiyo kaunti zinastahili. Makueni hata ilianzisha bima yake ya afya iliyozitoza kaya shilingi 500 tu kwa mwaka. Lakini mwaka 2015 serikali kuu ilipokodi mashine za kisasa kwa ajili ya kaunti zote, baadhi zilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu. Mwaka 2018 tukaleta madaktari 100 kutoka Cuba. Wawili kati yao walitekwa nyara Mandera, Aprili 2019, na mwaka 2023 mpango mzima ukasitishwa. Pengo la mashinani lilibaki palepale.

Sidai afya irudishwe Nairobi. Nadai daktari aajiriwe kama mwalimu anavyoajiriwa. Shule ya msingi ya Garissa hupata walimu kupitia TSC, tume moja ya nchi nzima, inayopanga na kuhamisha. Madaktari wameomba tume ya namna hiyo kwa miaka mingi, na magavana wameipinga wakisema itawapokonya mamlaka. Hoja hiyo ina uzito, lakini haizidi uhai wa mama wa Pate. Kaunti zibaki na hospitali, dawa na usimamizi. Ajira, uhamisho na masomo ya madaktari viwe mikononi mwa tume.

Hadi hapo, msomaji, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti yako kabla ya mwisho wa Aprili, na Katiba inakupa haki ya kushirikishwa. Nenda kwenye kikao. Wakikuonyesha ramani ya wodi mpya, waulize ni madaktari wangapi wametengewa mshahara, na watapangiwa kituo gani. Wiki ijayo tutazungumzia dawa.