Oksijeni Kali na Mishipa ya Fahamu ya Matumbo

Baina ya matabaka mawili ya misuli ya utumbo umetandaa wavu mwembamba wa mishipa ya fahamu, ambao tabibu wa Kijerumani Leopold Auerbach aliueleza katika miaka ya 1860, na ambao, hata ukitengwa na ubongo, huendelea kukisukuma chakula mbele, kama walivyothibitisha Bayliss na Starling mjini London mwaka 1899. Chembe za wavu huo huunguza sukari kwa oksijeni usiku na mchana, na katika kazi hiyo sehemu ndogo ya oksijeni huponyoka ikiwa imebeba elektroni moja ya ziada: hiyo ndiyo supaoksidi, nayo huzaa aina nyingine za oksijeni kali kuliko yenyewe, zenye kuharibu mafuta, protini na hata asili ya urithi ndani ya chembe.

Si insafu kuilaani kwa jumla, maana chembe nyeupe za damu huitumia kuulia vijidudu. Aidha mwili una kimeng'enya cha kuizima, ambacho McCord na Fridovich wa Marekani walikibainisha mwaka 1969. Dhara huanza mizani inapoinama.

Nao mfano ulio dhahiri, ambao naona haujasemwa vya kutosha, ni wa kisukari. Tumbo, ili lilegee likapokea chakula, na mlango wake wa chini ufunguke, hutegemea mishipa ya fahamu ya wavu ule inayotoa hewa ya nitriki oksidi kuwa ndiyo amri kwa misuli. Sukari ikikithiri katika damu kwa muda mrefu, supaoksidi nayo huzidi, ikaidaka hewa ile upesi kuliko kimeng'enya kinavyoweza kuizima, na muungano wao ukawa peroksinitriti, sumu iliyo kali mno. Basi mshipa hupata hasara mara mbili: amri yake hupotea kabla ya kuufikia msuli, na kilichozaliwa na upotevu huo huurudia wenyewe kuudhuru. Chakula hukawia tumboni, mgonjwa hushiba kwa matonge machache, hutapika alichokula saa nyingi nyuma, na sindano ya insulini huutangulia mlo, sukari ikashuka ghafula.

Vidonge vya kuzima oksijeni kali vinavyouzwa madukani havijathibitika kuwa dawa ya maradhi haya ya tumbo. Kwa hiyo, ewe msomaji mwenye kisukari, uonapo dalili hizo usizidharau ukadhani ni kiungulia tu. Mweleze daktari wako mapema, na sukari yako uitunze kwa bidii.